Kelele Maktabani

Jumatano, saa tisa, mji wa Nurmes, Februari.
Jua limepita dirishani kama mgeni aliyekataa kahawa.
Nimepanga mezani kompyuta mbili, kinasa sauti cha zamani,
birika, na mikate ya mdalasini
ambayo vijana wataimaliza
kabla wazee hawajavua makoti.

Fomu ya manispaa inauliza:
*Shughuli ya vizazi viwili. Taja idadi ya washiriki.*
Naandika tisa. Nafuta. Nane.
Miro amefuata joto tu,
amelala chini ya rafu za ramani.

Minttu ana miaka kumi na mitano, kucha nyeusi,
maneno yake ya kuhesabu, kama sarafu za mwisho wa mwezi.
Shule inamdai saa kumi za kujitolea,
kila saa sahihi yangu.
Siku ya kwanza aliniuliza
kama sahihi zinaweza kutangulia.

Taisto Sormunen ana themanini na minne.
Amekuja na mfuko wa duka lililokwisha kufungwa,
ndani ya mfuko soksi,
ndani ya soksi kaseti.
"Mama," alisema,
akaiweka mezani kama anayeweka yai.

Kaka yake alimrekodi jikoni, mwaka sabini na moja.
Mama wa Suojärvi, kule ambako mpaka ulihama
na watu wakahama mbele yake,
wakiwa na walichoweza kubeba.

Sasa tazama balaa.
Taisto masikio yamekwisha,
kile kifaa chake kinapiga mluzi tu.
Anaona meno ya kaseti yakizunguka,
basi, hilo tu.
Minttu, hedifoni kichwani, anasikia hadi kijiko kikigonga kikombe,
na haelewi hata neno.
Kikarelia hicho. Nyumbani kwao
kilikatika kwa bibi wa bibi.

Ukaingia ukimya wa watu wawili ndani ya lifti.

Kisha binti akasogeza kinywa kwenye sikio la mzee,
akatamka alichosikia, sauti bila maana,
kama anayepokezwa mzigo na kuupitisha
pasipo kuufungua.
"Kacho."
"Nini?"
"KACHO!"
"Tazama," akasema Taisto. "Anasema, tazama."

Bibi wa magazetini akashusha miwani.

"TULGUA KODIH!"
Mzee akashika ukingo wa meza.
"Njooni nyumbani."
"Nani aje?"
"Sijui. Sikiliza wewe."
Akasikiliza. Akavuta pumzi ya muogeleaji.
"HELUNA! MUURIKKI! LEMMIKKI!"

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa.
Hawakusema kama linasikia ng'ombe.

"Zizi letu," akasema Taisto.
"Nilikuwa na miaka minne tulipoondoka.
Miaka yote nimedhani niliwaota."

Miaka ishirini na miwili nimewanyamazisha watu humu.
Kibao cha KIMYA nilikipigilia mimi,
na kidole gumba kikavia damu.
Nikainuka. Nikatembea hadi mlangoni.
Nikaufunga, kwa sababu ya baridi.

Miro ameamka, nywele zimesimama upande mmoja.
"Nani anaita ng'ombe?"
Hakuna aliyemjibu; akavuta kiti.

Saa imekwisha. Nikamsogelea Minttu na kalamu,
akanipungia mkono bila kugeuka,
kama mtu anayefukuza nzi.
Kuna ng'ombe wa nne.
Mama anamtaja, na papo hapo mlango wa jikoni unalia.
Wamerudisha utepe mara kumi na moja.
Minttu anasema Kielo. Miro anasema Kello.
Taisto, ambaye hasikii kitu,
anasema wote wawili wamekosea.

Nimewasha taa za ndani.
Fomu ina mstari wa mwisho: *Taja matokeo.*
Nimeandika:
ng'ombe watatu wamerudi.
Wa nne tunamtafuta Jumatano ijayo.
Mikate iongezwe.